Tathmini: Warsha ya filamu Tabora, na mwalimu asiyeanza na kamera

Kama unasoma chuo hapa Tabora na umesikia kwamba yule mama wa Mombasa huenda akarudi kufundisha filamu, jiandikishe mapema, lipa shilingi 20,000 zako, na usianze kwa kuuliza anakuja na kamera gani. Nilikaa kwenye warsha yake kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na tangu tumalize naulizwa maswali yaleyale chuoni na mtaani kwetu Isevya: ilikuwaje, mlifundishwa nini, na je, inalipa?

Niseme kwanza ninakotoka, ili mjue anayeongea ni nani. Nipo mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia, na sehemu kubwa ya ada yangu inatoka kwenye harusi. Mimi na kaka yangu tunapiga picha na video za sendofu, za kicheni pati, za maulidi na kipaimara, na hata za misiba familia ikiomba. Kamera naijua. Nilichokuwa nakitafuta ni taa, lenzi na namna ya kuhariri bila kukesha.

Mwalimu mwenyewe ni mtengeneza filamu huru, yaani hana kituo cha televisheni nyuma yake wala kampuni inayomlipa mshahara. Anatengeneza filamu za maisha halisi ya watu, moja inaweza kumchukua miaka mitatu au minne, na katikati anafundisha na kufanya kazi ndogondogo za mashirika ili nyumbani pawe na chakula. Ni wa rika la mama zetu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia "marahaba wanangu", na kwa jinsi alivyotukaripia wiki ile, alituhesabu wanawe kweli.

Jumatatu hakuna aliyegusa kamera. Tulikuwa tumeagizwa kila mmoja aje na picha au kanda ya zamani kuliko zote iliyoko nyumbani kwao. Akatupanga mstari, na kila aliyepita mbele aliulizwa mambo manne tu: nani kapiga, nani wamo, ni wapi, ni mwaka gani. Wengi walikwama kwenye la pili. Kijana mmoja alikuja na picha nzuri mno ya wanaume sita wamesimama mbele ya stesheni ya Tabora, suruali pana, viatu vinang'aa. Babu yake yumo, ila hakuweza kusema ni yupi, na bibi aliyekuwa akijua alishafariki. Mwalimu hakumsema. Aliiweka ile picha juu ya meza na kutuambia tuitazame mpaka amalize kuongea.

Kisha akatupa habari ambayo mimi na miaka yangu yote ya Historia sikuwa nimeisikia. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti kuhusu filamu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo: takriban asilimia 70 zimepotea moja kwa moja. Nyingine ziliungua, maana ukanda wa nitrati, uliokuwa ukitumika zama zile, unashika moto upesi na ukishashika hauzimiki kirahisi. Nyingine ziliyeyushwa ili itolewe madini ya fedha iliyomo. Nyingi zilitupwa tu, kwa kuwa filamu zenye sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, wenye mali waliona zile za kimya hazina soko tena. "Wenye pesa zote zile walitupa," alisema. "Nyinyi flashi zenu mmeziweka wapi?"

Halafu akaturudisha karibu na nyumbani. Mwaka 1962 mpiga filamu Hugo van Lawick alipelekwa msitu wa Gombe, hapo kwa jirani zetu wa Kigoma, kumpiga filamu mtafiti Jane Goodall na sokwe aliokuwa akiwachunguza. Alitumia kanda za milimita 16. Zaidi ya saa 100 za kanda hizo zilikaa ghalani kwa miongo mingi, zikakutwa mwaka 2014, na mwaka 2017 ikatoka filamu mpya kabisa kutokana nazo. Mpigaji mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 2002. Kazi yake ilipata maisha ya pili kwa sababu kuna mtu aliyezipanga kanda rafuni na hakuzitupa. Mwalimu alilikazia jambo hili kuliko uhodari wa Van Lawick, na ndilo nililotoka nalo kwenye warsha: kazi hudumu kwa kutunzwa, na matunzo yanaanza kabla hujabonyeza kitufe.

Wana Tabora hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, hizi ni bendi za mji huu. Mimi sikuzaliwa zinavuma, lakini nazijua sauti zake, na nazijua kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi muziki wa dansi wa zama zile kwenye kanda za rili na kanda zikawekwa. Bendi ambayo haikuufikia mlango wa studio imekwenda na waliokuwa wakiicheza.

Kundi letu tulipangiwa mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliyekuwa akipiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya namna hiyo. Hakuna santuri yao wala kanda. Anasimulia kwamba waliahidiwa kupelekwa Dar es Salaam kwa treni wakarekodi redioni, safari ikaahirishwa, mpiga solo akahamia Mwanza, na bendi ikafia hapo.

Tulifika kwake asubuhi. Jirani kuna mashine ya kusaga, na siku hiyo foleni ya ndoo za mahindi ilikuwa ndefu. Kwenye harusi kelele haitusumbui, unaweka muziki juu yake na kazi inaisha. Mwalimu alituvalisha hedifoni mmojammoja, kila mtu asikilize dakika nzima kabla hatujawasha chochote. Bila hedifoni ulimsikia babu vizuri. Ukizivaa, ulisikia mashine, na babu kwa mbali. Alitueleza kwamba sikio la mtu aliyeketi mbele ya mwenzake huchagua linachotaka, lakini maiki haichagui. Na akasema mtazamaji atavumilia picha yenye giza kuliko maneno asiyoyasikia.

Tukamwambia, mwalimu, babu ameshavaa kanzu na kofia, amekaa tayari, tuanze tu. "Tungoje," akasema. Tukangoja. Babu akaagiza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukala, na katikati ya kutafuna akaanza kusimulia jinsi walivyokuwa wakipasi suruali za bendi kwa pasi ya mkaa Jumamosi mchana, na jinsi mwenzao mmoja alivyounguza yake wakalazimika kumsimamisha nyuma ya ngoma usiku kucha. Tulicheka sana. Kamera zote zimezimwa! Mwenzetu mmoja wa kutoka Nzega aliinuka mbio kwenda kuwasha, mwalimu akamshika mkono. "Hiyo amewapa nyinyi. Mkimwambia arudie sasa hivi atawaigizia. Mje kesho."

Niliona ni hasara, na kundi zima tuliona hivyo. Kesho yake tuliwahi kabla mashine haijafunguliwa. Babu alisimulia tena habari ya pasi kwa hiari yake, kwa ufupi zaidi, halafu akaongeza jambo ambalo siku ya kwanza hakuligusa: kwamba gitaa lake la kwanza alilinunua kwa fedha za asali aliyorina yeye na baba yake kwenye misitu ya Sikonge, na baba hakufurahi, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya mabati. Akachukua gitaa alilonalo sasa, limebaki na nyuzi nne, akapiga. Alipomaliza tulikatazwa kuzima. Turekodi sauti ya pale uani ilivyo, bila mtu kusema neno, kwa dakika moja. Ukihariri mazungumzo lazima utakata hapa na pale, na palipokatwa pakibaki kimya kitupu masikio yanashtuka. Unapaziba kwa sauti ya palepale: kuku, majani ya mwembe, mtoto wa nyumba ya pili. Hilo peke yake limebadilisha kazi yetu ya harusi.

Baada ya kupiga, babu ndiye aliyeuliza swali: "Na hii mtaiweka wapi, wajukuu zangu?" Mwalimu alinyamaza ili tujibu wenyewe. Tulimweleza alivyotufundisha, kwamba nakala ziwe tatu, zikae kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe nyumba nyingine kabisa, maana mwizi akibeba laptopu hubeba na hadidiski iliyo pembeni yake. Moja chuoni, moja kwetu, moja kwa familia. Akasema hapo nyumbani hawana kompyuta. Ndipo akaitwa binti yake, tukakubaliana nakala yao iingie kwenye memori kadi ya simu yake, na nyingine kwenye flashi itakayokaa kabatini pamoja na hati ya nyumba.

Karatasi ya ruhusa ilisomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya binti. Ilikuwa na sehemu za kuweka alama: kuonyeshwa chuoni, redioni na kwenye televisheni, kwenye intaneti. Babu alikubali mbili za kwanza. Intaneti alikataa mpaka aione filamu imekamilika. Nilimwangalia mwalimu nikidhani atambembeleza. Aliandika "hapana" kwenye nafasi yake, akamshukuru, basi. Nimeona watu wenye kamera wakiwapigisha wazee sahihi kwenye karatasi za Kiingereza ndani ya dakika mbili, na nataka niseme wazi kwamba huu ndio ufundi niliouheshimu kuliko wote.

Mambo ya sheria tuliyapitia haraka, labda kwa haki, kwa sababu mtu anaweza kuyasoma. Kupiga filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976. Hakimiliki iko chini ya sheria ya mwaka 1999, na haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo haki ya wimbo wa babu inaweza kurithiwa na binti yake. Na kila faili ipewe jina lenye mwaka, mwezi, siku, mahali na mtu, ikiambatana na karatasi ya maandishi yenye majibu ya yale maswali manne ya Jumatatu.

Tulitofautiana kwenye suala la pesa, na nadhani hapa nami nilikuwa na la kumpa. Siku ya kwanza aligawa kazi mafungu mawili, kazi ya kudumu na kazi ya tumbo, na harusi akaiweka kwenye fungu la pili bila kufikiri mara mbili. Nilimfuata wakati wa chakula. Nikamwambia, mwalimu, wateja wanaorudi kwetu baada ya miaka hawaji kuuliza habari za shela wala keki. Wanakuja kuuliza kama ile sehemu ipo, pale baba anapocheza na mama wa Kanyenye, kwa sababu baba amefariki na hawana pengine anapoonekana akitembea. Alipokuwa hai walitaka tuikate, walisema inarefusha. Hakunijibu palepale. Jumatano aliniomba nilete kipande cha harusi, Alhamisi akakifundishia darasa zima: nani hawaonekani, kwa nini kamera inamfuata MC muda wote, bibi wa bwana harusi yuko wapi, sauti ya nasaha za wazee iko wapi chini ya huo muziki. Lilikuwa somo gumu kwangu kulikalia, na lenye faida kuliko mengi niliyolipia. Mwalimu anayesikiliza mwanafunzi na kubadilisha somo lake ndani ya siku mbili, mimi namwamini.

Kuhusu kipato chake alikuwa mkweli. Aliandika ubaoni fedha zinavyoingia na zinavyotoka kwenye filamu moja, akaonyesha kwamba ya mwisho bado haijarudisha gharama. Alitaja ruzuku za kuombwa nje, na hapo wengi wetu tulipotea, kwani maombi yenyewe yanataka Kiingereza cha kisheria na akaunti ya taasisi. Na hatukuzungumza kabisa juu ya mabanda ya video. Watu wa mitaa yetu wanaangalia filamu humo, kwa kiingilio kidogo, na mtu anayetaka kazi yake iishi Tabora itabidi aongee na wenye mabanda kabla ya kuongea na tamasha la Ulaya. Akirudi, alete kipindi cha hilo, au atuachie sisi tukiendeshe.

Lawama zangu nyingine ni za waandaaji. Asubuhi nzima ya Jumatatu ililiwa na hotuba za ufunguzi, wageni wakija kwa zamu, huku mwalimu aliyesafiri kutoka pwani amekaa anasubiri. Ukumbi hauna mapazia, kwa hiyo filamu yake kuhusu mafundi wa majahazi tuliiona saa tisa mchana ikiwa imepauka, nusu yetu tukikisia kilichoko kwenye kona za giza. Naambiwa hiyo picha ya usiku wa kuteremsha jahazi majini ndiyo bora kuliko zote. Sikuiona. Uhariri ulipewa Ijumaa peke yake, na laptopu nyingi zilikuwa zikizima kabla mtu hajamaliza kuunganisha dakika mbili. Tulikuwa wengi kwa kamera tatu, na hadi Jumanne jioni wasichana tulikuwa tumeshika daftari na vibao vya kurudisha mwanga, wavulana wameshika kamera. Hili mwalimu alilikomesha mwenyewe Jumatano asubuhi kwa kutangaza kwamba ambaye hajashika kamera ndiye anayeanza. Lakini lilipaswa kupangwa hivyo tangu fomu za kujiandikisha.

Chakula kilikuwa kizuri. Wali, maharage, na siku ya mwisho ugali na nsansa za karanga, ile mboga ya majani makavu, ambayo mwalimu aliomba aongezewe.

Je, inakufaa? Kama unataka kujifunza programu ya kuhariri, hapana, kaa na mtu mwenye studio mjini utajua zaidi kwa wiki moja. Kama unataka cheti, kipo, kina muhuri. Kama una bibi au babu mwenye habari ambayo haijarekodiwa, au una biashara ya picha na hujawahi kuhesabu ni kazi ngapi za miaka iliyopita bado zinafunguka, nenda. Mimi na kaka tulipomaliza warsha tulitoa CD zote za zamani kwenye maboksi na kuanza kuzihamisha moja baada ya nyingine. Baadhi hazisomeki tena. Zinazosomeka tunaziandikia majina tukiwapigia wenyewe simu kuwauliza nani ni nani, na wengi wanafurahi kuulizwa.

Filamu ya babu bado tunaihariri. Ikiwa tayari itaonyeshwa uani kwake kwanza, kisha tutamuuliza tena kuhusu intaneti.

Kwa watakaojiandikisha: njoo na hedifoni za kuziba masikio, si zile ndogo za bure za simu. Njoo na hadidiski tupu, kwa sababu za darasani zilijaa Jumatano. Njoo na waya wa umeme wa kurefusha, soketi za ukumbini ni mbili. Muulize mapema mzee wenu nyumbani kama yuko radhi kurekodiwa, maana walioanza kutafuta mtu Jumanne walipoteza siku nzima. Na waandaaji, tafadhali, siku mbili za uhariri, mapazia, na hotuba moja tu.